Verna Tollefsen Osgood (1919–1986) na Jina Aliloliweka Mwisho

Verna Louise Tollefsen alizaliwa tarehe 9 Februari 1919, Decorah, Iowa, mtoto wa pili wa mwashi Anders na mkewe Signe. Alimaliza sekondari hapo hapo mwaka 1937, kisha akamfuata shangazi yake Los Angeles.

Mwaka 1938 aliajiriwa katika studio moja ya Culver City, chumba cha kukatia filamu. Aliyempokea na kumfundisha kazi ni Bi Ottilie Kessler, aliyekuwa akikata na kuunga filamu tangu zile zisizo na sauti. Jina la Bi Kessler halikuandikwa kwenye hata moja. Liliandikwa la mkuu wa idara. Kazi ilimwingia Verna mpaka nyumbani. Ukimsimulia jambo, anakukatiza: "Hayo ya njiani toa. Anzia mbwa alipouma."

Tarehe 15 Juni 1946 alifunga ndoa na Raymond Osgood, fundi wa sauti wa studio hiyo hiyo, wakajaliwa mtoto mmoja, Neil.

Macho yalipomlazimisha Bi Kessler kuacha kazi, Verna alimwahidi kwamba akipata tuzo atamtaja mbele ya watu wote. Siku hiyo ikafika, Machi 1955. Televisheni ndiyo kwanza zimeanza kurusha sherehe ya tuzo za filamu, na washindi waliambiwa wasizidi nusu dakika, maana tangazo la magari lilikuwa linangoja. Verna alishinda. Akamshukuru mwenye studio, mtayarishaji, mwongozaji. Jina la Bi Kessler aliliweka mwisho, kama mkata filamu yeyote anavyoiweka picha anayotaka watu waende nayo nyumbani. Kabla hajalifikia, msimamizi aliyekuwa chini ya jukwaa akapitisha mkono shingoni: kata. Kwa miaka kumi na saba Verna aliambiwa kata, akakata. Alinyamaza, akashuka. Sherehe yenyewe iliisha dakika sita kabla ya wakati, bendi ikabaki kupiga muziki wa kujaza nafasi.

Kesho yake alimpelekea Bi Kessler sanamu ya tuzo.

"Umekata pazuri, mwanangu," Bi Kessler, aliyeisikiliza sherehe redioni, alimwambia. "Hata mimi ningekata hapo hapo."

"Bi Kessler, walinionyesha mkono, nami..."

"Si nimesema pazuri? Na hilo dude lako ondoka nalo. Mimi kipofu nitalifutaje vumbi?"

Verna hakujua kama ni utani au uchungu, akaona haya kuuliza. Bi Kessler alifariki tarehe 30 Mei mwaka huo huo. Verna hakwenda kumzika, na hilo lilimtafuna hadi mwisho. Sisi wa nyumbani tuliona, tukakaa kimya. Tunajuta.

Septemba 1984 alipatwa na kiharusi. Raymond na Neil walimuuguza nyumbani kwa subira, hadi alipofariki asubuhi ya tarehe 11 Novemba 1986.

Ameacha mume, Raymond, mwana, Neil, na mkewe Joyce, wajukuu wawili, na dada yake, Inga.

Yuko pia nasi Lorene Kessler, binti wa Bi Ottilie, ambaye marehemu hakuthubutu kumpigia simu hata siku moja. Tulimpigia sisi, Jumatano. Alitujibu hivi: "Mama aliniachia maneno ya kumpa. Alisema, mwambie Verna nilijua jina langu liko mwisho, ndipo hata mimi ningeliweka. Nikamngoja mazishini nimwambie. Hakuja."

Verna wetu, na apumzike sasa kwa amani.