Sumu Niliyomwaga Jumapili

Sikilizeni, wanangu, na mnisogelee, maana sauti hii haina tena nguvu ya kuwafuata mlangoni. Ocaya, kaa hapo miguuni pangu. Aol, mpakate Vera, na hiyo simu izime. Na wewe Pélagie, mpangaji wangu wa miaka saba, usisimame nje kama mgeni, ingia ukae, kwa kuwa nusu ya maneno haya ni yako, na ndiyo sababu nayasema kwa Kiswahili, lugha niliyoipata kambini mwa polisi na wewe ukaja nayo kutoka Bukavu, badala ya lugha yetu ya Kilango, ambayo ingekuacha ukitazama midomo yetu tu. Mimi Odyek nilikuwa polisi miaka thelathini na moja, nikaandika maungamo ya watu wengi, wengine wakilia mbele yangu na mimi nikinywa chai. Leo zamu ni yangu.

Mali ni chache, tuimalize kwanza. Nyumba hii ya Kisugu, hapa Kampala, na vyumba vya nyuma ni vyenu wawili, na asiuze mmoja mwenzake akiwa hayupo. Shamba la kijijini kwetu Kole ni la ukoo, hapo mtanizika kando ya mama yenu Akullo, nanyi msiligawe. Hakuna mtu anayenidai fedha. Lakini lipo jambo moja ambalo limenikosesha usingizi miaka mitatu, na ninyi mmelibeba bila kujua, mkamchukia mtu asiye na hatia kwa sababu ya kinywa changu.

Mnakumbuka mwaka ule sisimizi wekundu walipoingia uani, wale wadogo wanaouma kama moto. Walianza na vichuguu viwili tu, kimoja karibu na tangi la maji, kingine chini ya kamba ya nguo. Vera alikuwa ndiyo kwanza anatambaa. Aol alimweka chini dakika moja aanike shuka, na alipogeuka mtoto alikuwa ameshika kichuguu kwa mikono miwili. Mikono ilivimba, uso ukavimba, tukamkimbiza hospitali juu ya boda, na mimi nikarudi nyumbani nikiwa sioni wala sisikii. Wahenga walisema hasira hasara. Nilikuwa nikiwaambia mahabusu maneno hayo kila siku, na sikujiambia mwenyewe hata mara moja.

Nilikwenda kwa rafiki yangu wa zamani, nikapata jerikeni ya sumu, ile kali ya mashambani. Jumamosi jioni Pélagie aliniona nikiipima, akaja kwa adabu kutoka kwenye mizinga yake miwili ya nyuki, mikono nyuma. Alisema, sijasahau hata neno, "Papa, usimwange fasi yote. Zile sisimizi nyeusi hazina mubaya, ndizo zinatulindia kiwanja. Tuchemushe mayi, tumwange mu mashimo ya nyekundu tu. Na kama ni dawa, ngoja mangaribi, nyuki zangu zikisha kurudi." Kuuliza si ujinga, wanangu, na kuambiwa pia si aibu. Lakini mimi niliona mwanamke mkimbizi, tena mpangaji, anamfundisha afande kulinda ua wake. Nikamwambia dawa ya moto ni moto, akalale.

Mjue kwamba hilo halikuanzia uani. Nilipokuwa askari kijana tulikuwa na kazi tuliyoiita panda gari. Anatafutwa mtu mmoja, nanyi mnafunga mtaa mzima, kila mwanamume anapanda lori, mwema na mbaya, mtapambanua baadaye, na mara nyingi hiyo baadaye haikuja. Nilistaafu, nikavua sare, ila kichwa kilibaki ndani ya kofia. Jumapili hiyo saa nne asubuhi, ninyi wote mkiwa kanisani, maua ya maboga yamefunguka na nyuki wanaingia na kutoka, nilibeba pampu mgongoni nikanyunyiza ua mzima: vichuguu, majani, maua, ukuta, hadi chini ya mizinga ile miwili. Niliwapandisha lori wote.

Mtu mmoja aliniona. Ndugu yangu Ogwang alikuwa amerudi kutoka lindo la usiku, amelala katika chumba cha mwisho. Harufu ikamwamsha, akafungua mlango akauliza, "Kaka, unamwaga nini?" Nikamjibu arudi kulala. Akarudi.

Saa tisa Pélagie alikuja katikati ya ua na ungo mikononi. Ndani ya ungo mlikuwa na nyuki, wengine wakizungukazunguka kwa migongo, wengine wameshatulia. Nyuki wale hakuwanunua. Aligongomea mbao kuukuu akatengeneza sanduku, kundi likaja lenyewe likakaa, naye akasema hiyo ndiyo salamu ya kwanza aliyopewa Kampala. Asali yao ndiyo akina mama wa Kibuli waliyoingoja kwake kila Ijumaa karibu na msikiti, kwa vikohozi vya watoto wao. Hakupiga kelele. Aliuliza tu nani, na wapangaji wote wakatoka wakasimama wakinitazama.

Wanangu, nilikuwa na muda wa kusema "mimi". Ni neno dogo. Badala yake nikakumbuka kwamba juzi yake Ogwang alipulizia mende mlangoni kwake kwa kile kikopo cha dukani, na kila mtu alimwona. Nikanyoosha kidole hiki hapa, nikasema, "Muulizeni huyo. Kikulacho ki nguoni mwako."

Ogwang hakumtazama Pélagie, alinitazama mimi. Kwetu mdogo hamwangushi mkubwa wake mbele ya wapangaji, na yeye alilelewa vizuri kuliko mimi. Akainamisha kichwa, watu wakaona hiyo ndiyo hatia. Jioni ile ile alikunja godoro lake akahamia Bwaise, kule ambako mvua ikinyesha maji yanaingia ndani, mtu analala viatu vikiwa juu ya meza. Ocaya, wewe ulimfuata hadi barabarani ukamwita muuaji wa riziki za watu. Aol, ulimkatalia kuingia ubatizo wa Vera. Sikuwazuia. Na tulipomzika mama yenu, Ogwang alikuja Kole kwa basi, akasimama nyuma kabisa, nje ya hema, juani. Nilimwona. Nikatazama viatu vyangu.

Nipe maji, Aol. Kidogo tu. Basi.

Wale sisimizi wekundu je? Walikuwa wa kwanza kurudi. Baada ya wiki tatu vichuguu viwili vilikuwa kumi na kimoja, kwa kuwa weusi waliokuwa wakigombana nao kila siku kwa ajili yetu niliwamaliza mimi. Vidukari, wale wanyonya majani, wakajaa kwenye sukumawiki, hakuna wa kuwala. Maboga yakatoa maua, maua yakadondoka, hayakufunga hata boga moja, nanyi mkasema ardhi imechoka. Ardhi haikuchoka. Pélagie amefua nguo za watu tangu siku hiyo, zangu zikiwemo, akizikunja vizuri na kuniamkia, nami nikipokea. Majuto ni mjukuu, na wangu amekaa hapo mapajani mwa mama yake ananitazama.

Pélagie, mama, ni mimi. Usinijibu sasa. Ukipenda usinijibu kabisa.

Sasa shikeni ninayoagiza. Kipande cha nyuma, kutoka tangi la maji hadi ukutani, ni cha Pélagie maisha yake yote, bila kodi. Barua imo katika bati la biskuti, mwenyekiti wa mtaa ameshaigonga muhuri. Ocaya, utampatia mbao mpya za mizinga, si makapi. Sumu isimwagwe tena katika ua huu. Mkiona kichuguu chekundu, kiendeeni asubuhi ya baridi jua likianza kupasha, wakati wamepandisha watoto wao juu, mnyate msitikise ardhi, mmwage maji yanayochemka palepale, na kesho tena, hadi waishe. Mkishindwa, chambo kidogo chenye dawa pembeni ya kichuguu chenyewe, jioni, ardhi ikiwa kavu, na Pélagie awe amesema ndiyo. Mwenye kosa ashughulikiwe kwa kosa lake. Jirani yake aachwe.

Chumba cha mwisho ni cha Ogwang. Koti langu la mvua la polisi ni lake pia, Bwaise atakuwa amelihitaji. Mtawaita wapangaji wote uani, palepale niliponyoosha kidole, na Ocaya atasema kwa sauti: baba yetu alidanganya, mjomba wetu... hapana, siyo mjomba, kichwa kinaniponyoka... baba yetu mdogo hakufanya. Useme mara mbili, Ocaya. Mimi niliposema, nilisikika hadi barabarani.

Aol, weka hiyo kandambili chini. Nimemwona huyo sisimizi. Anapanda shuka, ndiyo, lakini mtazame rangi, ni mweusi. Huyo ni wa kwanza tangu siku ile. Walikuwa wapi... Mwacheni apite juu ya mguu wangu, aende anakokwenda.

Mungu aliyewaumba wadogo kabla yetu awape mkono mwepesi na ulimi mzito. Mpendane, na mkikosana msinyamaze miaka mitatu. Vera, njoo nikushike kichwa. Ukue, mama. Utembee uani bila viatu.

Ocaya, mbona bado umekaa? Chukua boda, nenda Bwaise, ulizia Ogwang mlinzi, watakuonyesha. Usimtumie mtu. Umpigie magoti wewe, mimi miguu... Na mlango msiufunge. Akikuta nimeshakwenda, msimwambie nililala tu. Mwambieni kaka yake alikuwa anamngoja.