Kiti cha Kaka Sukhendu, Siku ya Tano

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, uliyeziacha kampeni zako ukaja kuketi nasi. Bwana Pradyot Mitra, mwenye kiwanda hiki cha uchapaji na mwajiri wetu. Shemeji Bina, mkewe Kaka wetu Sukhendu, na jamaa wote wa nyumba ya Samaddar. Wachapaji, wafunga vitabu na wasomaji wa prufu, wale wa kusahihisha kabla ya kuchapa, wa zamani na wa sasa. Nanyi majirani wa uchochoro huu, ambao hamkualikwa lakini mmesikia harufu ya vitamu mkaja: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima anayostahili.

Nimepewa dakika kumi. Bwana Mitra ameniomba nimsifu Kaka Sukhendu anayestaafu leo, nimvike shali, nimkabidhi mwavuli, kisha nikae chini kabla chai haijapoa. Shali hii hapa na mwavuli huu hapa, na sifa nitazitoa, maana anazo. Ila mwishoni nina neno langu mwenyewe, ambalo Bwana Mitra halijui, wala Shemeji Bina halijui. Mkiniona nababaika, msidhani ni uzee.

Kwa miaka thelathini na minane, ndugu zangu, hakuna karatasi iliyotoka mlangoni pale bila kupita mbele ya miwani ya Kaka Sukhendu Samaddar. Nani kati yenu amesahau ile kadi ya harusi ambayo, kama si yeye, ingemwoza bibi harusi kwa baba mkwe wake? Nani amesahau alivyomrudisha profesa mzima mara tatu kwa sababu ya nukta moja, na profesa akarudi mara ya nne na boksi la vitamu vya sandesh kuomba radhi? Mimi Paritosh Bagchi, niliyekaa meza ya pili kutoka kwake tangu nina nywele kichwani, nimekosolewa naye mara nyingi kuliko nilivyokosolewa na mama yangu. Na kila mara alikuwa na haki.

Sasa naomba niwarudishe nyuma miaka ishirini na saba, mwezi wa Januari, siku ya tano ya ile mechi ya kriketi ya taifa letu na Pakistani iliyochezwa Karachi. Naona vichwa vinatikisika kule nyuma. Wenye umri wanaikumbuka, na wasioikumbuka wamesimuliwa mpaka wamechoka.

Mnajua wenyewe jinsi mechi ya siku tano inavyomla mtu. Siku ya kwanza unasikiliza huku unafanya kazi, siku ya tatu unafanya kazi huku unasikiliza, na siku ya tano kazi yenyewe huioni. Mitambo ilikuwa imezimwa. Bwana Mitra mkubwa, marehemu baba yako, Pradyot, alishuka ngazi saa tano asubuhi kutufokea, akasikia hesabu ya mikimbio, pointi zetu, redioni, akavuta kiti akakaa. Nje, uchochoro ulikuwa umejaa watu, kwa sababu ubao wetu wa chaki ulikuwa ukiwapasha habari wote wasio na redio, kuanzia muuza samaki mpaka daktari wa meno aliyemwacha mgonjwa wake mdomo wazi.

Na sheria yetu mnaijua, hata watoto wenu mmewafundisha. Wapigaji wetu wakishika vizuri, hakuna kusogea. Uliyekaa, kaa, uliyesimama, simama. Marehemu Nibaran wa mtambo mkubwa aliwahi kukaa saa nzima na mguu mmoja ndani ya beseni la maji, kwa kuwa alikuwa akiosha miguu wapigaji wetu walipoanza kuchanua. Alipata mafua wiki mbili, na akajisifu nayo mpaka alipokufa. Tulikuwa wasomi wa herufi, tunasoma vitabu vya fizikia kabla maprofesa wenyewe hawajaviona vimechapwa, na bado tuliamini kwamba mtu akijikuna Kolkata, wiketi inaanguka Karachi, mpigaji wetu anatolewa.

Siku ile mkosi ulimwangukia Kaka Sukhendu. Saa nne alikwenda chooni, wiketi ikaanguka. Watu wakacheka. Saa tano na nusu akainuka kuchukua kikombe chake cha chai, wiketi nyingine. Hakuna aliyecheka. Baada ya saa sita akasimama kumpisha Bwana Mitra mkubwa, kwa adabu tu, na zikaanguka mbili mfululizo. Tukabaki na wapigaji wawili wa mwisho, wale wanaoshika gongo kama mwiko wa jikoni, na mikimbio sitini na mmoja ya kutafuta. Mmoja wao akitolewa, mechi imekwisha, na wale jamaa wa ng'ambo wanatucheka mwaka mzima.

Nibaran akasema, "Kaka Sukhendu, wewe leo huinuki tena."

"Na nikibanwa?"

"Utajibana. Nchi kwanza, kibofu baadaye."

"Nibaran, nina miaka arobaini, mimi si mbuzi wa kufungwa."

"Mbuzi angekuwa ameshatulia," akasema Nibaran, akachukua kamba ya vifurushi, ile nyeupe nyembamba, akamzungushia kiunoni mara nne na kumfunga kwenye mgongo wa kiti. Tulicheka mpaka machozi. Kaka Sukhendu naye alicheka, akaweka kalamu nyekundu nyuma ya sikio, akatulia.

Na balaa ikageuka! Wale wawili wa mwisho wakaanza kushika. Mkimbio mmoja, miwili, minne. Mtangazaji aliyekuwa akizungumza kwa sauti ya msibani akaanza kupaza sauti. Ikabaki hamsini. Ikabaki arobaini na tano. Bwana Mitra mkubwa alikuwa na sigara isiyowashwa mdomoni, na hakuthubutu kuiwasha wala kuitoa.

Ndipo simu ikalia.

Simu ilikuwa mezani kwangu. Nilikuwa karibu nayo kiasi kwamba niliweza kuinyakua bila kuinuka, na ndiyo maana nikaipokea. Ilikuwa saa nane na dakika kumi, na ilikuwa imebaki mikimbio thelathini na minane. Alikuwa mtu wa wodini, hospitalini, sauti ya haraka ya mtu mwenye simu nyingi za kupiga. Akasema, "Mwambie Samaddar baba yake anamwita. Hali si nzuri. Aje sasa hivi." Nikajibu, "Sawa, namwambia." Nikaweka simu chini.

Mnamkumbuka mzee Samaddar? Ndiye aliyemleta mwanawe kiwandani hapa, akimshika mkono ingawa kijana ana masharubu. Ndiye aliyetufundisha wengi wetu kusikiliza mechi, kujua mrushaji amechoka kwa kumsikia tu mtangazaji akivuta pumzi. Alikuwa amelazwa kwa wiki mbili, na kila jioni Kaka Sukhendu alitoka hapa akaenda kumsomea kurasa za michezo za magazeti. Hospitali ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa tramu. Nusu saa tu.

Nilichukua kipande cha prufu, nikaandika nyuma yake kwa penseli: "Baba yako anakuita. Nenda sasa." Nikanyoosha mkono nimpe. Na mkono huu, ndugu zangu, huu hapa mnaouona, ukarudi wenyewe. Nikajiambia: akiinuka, wiketi inaanguka, na lawama itakuwa yangu. Nikajiambia: ngoja ova moja, mipira sita tu. Kisha nikajiambia: ngoja ova hii nayo. Nikakikunja kile kipande nikakitia mfukoni mwa shati.

Ikabaki thelathini. Jasho likanitoka, Januari, huku wenzangu wamejifunika mablanketi. Ikabaki ishirini na mbili. Uchochoroni watu walikuwa wakihesabu kwa sauti moja, na kila walipohesabu mimi nilihesabu dakika. Ikabaki kumi na tano. Nilimtazama Kaka Sukhendu, amekaa na kamba yake kiunoni, macho yake kwenye redio, nikafikiri, huyu mtu ana furaha, nani mimi nimwondolee? Angalieni jinsi mtu anavyoweza kujipamba. Ikabaki tisa. Ikabaki nne.

Saa tisa kamili mrushaji wao alikimbia kutoka mbali, mtangazaji akasema, "Anapiga," halafu akanyamaza. Kisha tukasikia kelele za uwanja mzima wa Karachi, na kelele zile hazikuwa zetu.

Tulishindwa kwa mikimbio mitatu; wa nne ungekuwa wa ushindi. Tulikaa vile, hatukusogea, na tukashindwa vilevile.

Ndipo nilipomgusa bega nikamwambia, "Kaka, simu imetoka hospitali. Baba anakuita." Nilisema kana kwamba nimeweka simu chini muda ule ule. Nibaran alikata kamba kwa kisu cha karatasi. Kaka Sukhendu akatoka mbio, akapita katikati ya watu waliokaa chini vichwa mikononi. Mzee Samaddar alifariki saa tisa na dakika kumi. Mwanawe alifika saa tisa na nusu.

Shemeji Bina, uliambiwa nyumbani kwamba simu ilichelewa kufika. Haikuchelewa. Ilifika saa nane na dakika kumi, na aliyeipokea ni mimi. Dakika hamsini alikuwa nazo mumeo, na mimi nilizitia mfukoni kwa ajili ya mchezo wa watu wawili tusiowajua wala hawatujui. Kipande chenyewe ni hiki. Penseli imefifia lakini inasomeka. Kwa miaka ishirini na saba nimekaa meza ya pili kutoka kwa mtu huyu, nimekula wali kwake, amenisimamia harusi ya binti yangu, na kila Januari nimesema, mwaka huu nitamwambia. Leo anaondoka, na nikinyamaza leo basi nimenyamaza moja kwa moja.

Kaka Sukhendu, sina cha kujitetea. Nimekuja kukuomba msamaha mbele ya watu, kwa sababu kosa nililifanya mbele ya watu, ingawa hawakuliona. Ukitaka mwavuli huu unipigie nao, nauweka hapa kwenye kiti kilicho kando yako.

Jamani, tulieni kidogo. Tulieni, anasema kitu.

Unasemaje, Kaka? Sema tena.

Naomba nirudie kwa walio nyuma, maana kipaza sauti ninacho mimi. Anasema, "Paritosh, nilikuona ukipokea simu."

Anasema, "Nilikuona unaandika. Nilikuona unanyoosha mkono na unaurudisha. Kazi yangu ni kuona, ulidhani siku ile nilivua miwani?"

Ngojeni. Ngojeni, bado anaendelea. Anasema… Kaka, niyaseme haya? Haya, ameniruhusu. Anasema, "Nilijua ni baba. Nani mwingine angenipigia kazini? Nikajiambia, ngoja ova moja. Ile kamba ilikuwa uzi wa vifurushi, Paritosh. Ningevuta mara moja ingekatika."

Mniwie radhi. Nipeni maji hayo.

Ndugu wageni, hotuba niliyoiandika ina ukurasa mmoja zaidi, una maneno mazuri kuhusu pumziko na wajukuu, na siwezi kuusoma. Miaka ishirini na saba nilidhani mzigo huu ni wangu peke yangu, kumbe kila asubuhi tulipoamkiana, mezani kwake ulikuwepo mwingine kama huo. Alimdanganya mkewe kwamba simu ilichelewa. Alinificha mimi, alijificha yeye, na mimi nikafanya hivyo hivyo, watu wawili wanaolipwa kusahihisha makosa ya wengine. Sijui kama huu ni msamaha. Hajasema amenisamehe, wala mimi sina wa kumsamehe, maana baba alikuwa wake. Ninachokiona ni kwamba ameuondoa mwavuli kwenye kiti cha kando yake, na ananionyesha nikae pale.

Nakuja, Kaka.

Mheshimiwa Diwani, Bwana Mitra, chai yenu imepoa na kosa ni langu. Shemeji Bina, asante kwa kutotoka nje, maana ungekuwa na haki ya kutoka. Nanyi nyote nawashukuru kwa masikio yenu, na kwa jambo moja zaidi nililoliona nikiwa hapa mbele: tangu nilipoitaja ile simu mpaka sasa hivi, katika ukumbi huu mzima, hakuna hata mmoja wenu aliyesogea.