Bi Ghaniya na Tarehe ya Mzee Marhoun

Jumamosi, tarehe 30 Juni 2007, Bi Ghaniya binti Khelef anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya madai ya ulemavu wa askari kwa miaka ishirini na mitano, miezi minane na siku ishirini na saba. Kwanza mwandishi aliandika "karibu miaka ishirini na sita". Rasimu ilirudi kutoka mezani kwake na mstari mwekundu, na hesabu kamili imewekwa pembeni. Wasifu wa Kiarabu utasomwa na wakubwa siku ya sherehe. Huu ni wetu sisi wa chai ya saa nne, tunaosema Kiswahili mlango ukishafungwa.

Bi Ghaniya alizaliwa Unguja mjini, akasoma huko, na mwaka 1974 akaja Oman na mama yake akiwa na cheti cha kupiga taipu na mwavuli mkubwa mweusi. Mwavuli umefanya kazi mara tatu. Taipu ilimpatia ajira ofisi yetu kuu ya Nizwa tarehe 3 Oktoba 1981, na mwaka 1986 alihamishiwa hapa Ibra, dawati la mapokezi, ambalo hakuliacha tena. Amewaona wakuu wa tawi watano wakija na kuondoka, na wote aliwaonyesha yeye mahali pa kuegesha gari.

Asiyejua kazi ya dawati lile, kazi yake ni tarehe. Askari aliyeumia kazini hahesabiwi malipo tangu siku aliyoumia. Akileta dai ndani ya mwaka mmoja wa kutoka jeshini, huhesabiwa tangu siku ya pili ya kutoka. Akichelewa, huhesabiwa tangu siku dai lilipopokelewa na kupigwa mhuri, na ya nyuma yamepita. Watu wawili wanaweza kuwa na mguu mbovu wa aina moja, mmoja akapata malimbikizo ya miaka mitatu na mwenziwe akapata ya wiki mbili. Ndiyo maana Bi Ghaniya alikuwa akisema kwamba mwenye mhuri ana nguvu kuliko daktari, ingawa gari la ofisi alipewa daktari.

Wateja wetu, Mungu awape afya, si watu wa kalenda. Mzee mmoja wa Sur aliulizwa aliumia lini, akajibu mwaka ule ngamia wa Sleyum alipoingia msikitini. Mwengine alisema ilikuwa tende za naghali ndiyo kwanza zinaiva. Bi Ghaniya aliandika wiki ya mwisho ya Mei, na karatasi za hospitali zilipokuja zikasema tarehe 27 Mei. Mara moja mwaka wa mtu ulibakisha siku mbili kwisha, na mtu mwenyewe yuko shambani Al Qabil hana khabari. Bi Ghaniya akapanda teksi kwa pesa zake, akamtilisha dole gumba juu ya gunia la mbolea, akarudi kabla ya ofisi kufungwa. Kwa upande mwengine, kila Jumatano, siku ya soko la wanawake, alitoka dakika kumi kwenda kutuma barua. Barua zile zilirudi na vitambaa.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe alitaka lisiandikwe.

Ofisini kwetu mgeni haulizwi shida yake mlangoni. Hukaribishwa, hupewa tende na kahawa, huulizwa khabari, naye hutoa: mvua, maji ya falaji, yaani mfereji wa kijiji, harusi, maiti. Akitosheka hutikisa kikombe. Hapo tena ndiyo huletwa karatasi. Jumamosi ya tarehe 16 Aprili 1994 aliingia Mzee Marhoun bin Amur wa Al Qabil, aliyekuwa askari wa mizinga, miaka minne ametoka jeshini. Akatoa khabari zake kwa utaratibu, na katikati yake, baina ya bei ya majani ya mifugo na harusi ya mpwawe, akasema kwamba sikio lake la kushoto limekufa kwa mizinga na amekuja serikali ipate kujua. Kisha ikaadhiniwa adhuhuri. Mzee akaondoka kuswali, akaona aibu kurudi kuwachosha watu, akapanda gari akenda zake.

Bi Ghaniya hakumletea karatasi, kwa sababu haikuwa adabu kumtilia mtu karatasi mkononi na kikombe hajakitikisa. Mzee hakudai karatasi, kwa sababu amekwisha sema, na amesema mbele ya watu, na kwao neno likisemwa mbele ya watu limefika. Alikwenda nyumbani kungoja jibu. Alilingoja miaka minne. Kuja kuuliza kabla ya hapo aliona ni kuwasumbua.

Aliporudi, tarehe 9 Mei 1998, aliuliza kwa upole kama jibu limekaribia. Faili halikuwepo. Dai likaandikwa siku ileile na mhuri ukapigwa, na kwa kanuni sikio la Mzee Marhoun likawa limeanza kuuma tarehe 9 Mei 1998. Ikajulikana pia kwamba ameweka rehani hisa yake ya maji ya falaji akitegemea jibu letu, muda wa rehani unakwisha mwisho wa mwaka, na asipoikomboa minazi... nisamehewe, mitende yake itakosa maji moja kwa moja. Hapo nimejisahihisha mwenyewe kabla ya mstari mwekundu wa Bi Ghaniya.

Kulikuwa na ushahidi mmoja. Kwa vile kahawa hununuliwa kwa pesa ya ofisi, Bi Ghaniya aliweka daftari la kahawa, na kila mgeni aliandikwa. Ukurasa wa siku ile upo: Marhoun bin Amur, Al Qabil, vikombe vitatu, sikio. Daftari likapelekwa kwenye kamati. Kamati ikajibu kwamba daftari la kahawa si kumbukumbu ya madai, isipokuwa karani aliyempokea akiri kwa maandishi kwamba alielezwa dai na akazembea kuliandikisha. Neno walilotumia ni hilo, kuzembea. Na mwezi uleule jina la Bi Ghaniya lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya cheo cha mkuu wa sehemu, cheo alichokingoja miaka tisa, na mwenye barua ya onyo hapandi.

Watu walimshauri. Mkubwa mmoja alimpigia simu kutoka Nizwa, kwa mapenzi tu, kumwambia kwamba kanuni haimlazimishi mtu kujishitaki. Mzee Marhoun mwenyewe alipopata khabari alikuja mbio kumsihi aache, kwamba yeye amesamehe, na kahawa ilikuwa nzuri. Bi Ghaniya alikasirika, na sisi sote tulimsikia. Alimwambia mzee kwamba kahawa ilikuwa ya ofisi lakini tarehe ni yake yeye mzee, na hana ruhusa ya kuisamehe mpaka ailipwe kwanza. Akakaa akapiga taipu ukurasa mmoja, akakiri, akatia sahihi.

Onyo lilifika Septemba. Hukumu ya kamati ilifika Novemba: malipo yahesabiwe tangu tarehe 16 Aprili 1994. Malimbikizo yalikuwa ya miaka minne na siku ishirini na tatu, na Mzee Marhoun aliikomboa hisa yake wiki tatu kabla ya muda kwisha. Mitende ipo.

Cheo kilitolewa Januari 1999. Nilipewa mimi, kijana wa watu wa Tabora, niliyefundishwa kazi na yeye pamoja na Kiswahili cha kukaa na watu. Nilikwenda mezani kwake kumwambia sikitaki. Akanijibu nisiwe mpuuzi, nikitie mkono, halafu nimletee mafaili ya Sur. Tangu siku ile ananiita mkuu mbele za watu, bila ya kucheka, na mimi miaka minane naona haya.

Mwezi uliopita, katika kutayarisha kustaafu kwake, nilifanya nililoweza kufanya kwa cheo hiki: niliomba barua ile ya onyo iondolewe, aondoke na faili safi. Nizwa wakakubali. Yeye akakataa. Alisema barua ile na ungamo lake ndiyo ushahidi pekee kwamba dai lilipokelewa mwaka 1994, na siku mkaguzi akija kuifungua tarehe ya Mzee Marhoun, atataka kuona imesimama juu ya nini. Basi tumeliacha faili kama lilivyo.

Bi Ghaniya, ahsante. Tunakuombea umri mrefu wenye afya, na nyumba isiyokosa wageni wala kahawa.

Shihab bin Hamood
Mkuu wa Sehemu, Ibra