Mnara Uliohama Bila Kuaga

Mgeni wetu rasmi, ambaye ndiwe Mkurugenzi wa Mamlaka ya Masafa ya Redio, viongozi wa dini, ndugu waalikwa:

Umoja wetu wa akina mama wasikilizaji umemchagua msomaji hodari kuliko wote mjini hapa. Ndiye mimi. Wagombea wengine walikuwa wawili: mmoja ana kikohozi, mwingine hana miwani, kwa kuwa hii niliyovaa ni yake.

KARIBU

Tunakukaribisha hapa kilimani, chini ya mnara wetu. Kiti chako ndicho kirefu. Wenzako tumewaazimia vya chekechea, ndiyo maana magoti yao yako kidevuni. Watusamehe.

TULIKOTOKA

Redio yetu ilizaliwa juu ya paa la mashine ya kusaga nafaka. Mtangazaji akisoma habari, mashine nayo inasoma zake. Hatukulalamika. Kwa redio hiyo tulijua siku ya chanjo, ng'ombe aliyepotea na nani kafiwa. Kisha mwenye jengo akauza, na mnunuzi akasema: vyuma vyenu mvitoe.

Meneja wa redio ni mtoto wa dada yangu. Nilimuuliza, "Mwanangu, kuhamisha mnara hakuna kibali?"

"Mama mdogo, leseni si tunayo? Mtu akihama nyumba huomba ruhusa ya kubeba kitanda chake?"

Sote tukaona kasema la maana. Tukapanda kilima na vyuma mabegani, tukafunga, tukatangaza. Tulishangilia mpaka mkaguzi wenu alipofika.

"Leseni yenu inasema paa la mashine," akasema. "Hapa ni wapi?"

"Hapa ni juu zaidi," meneja akajibu.

"Ndilo kosa lenyewe."

Mtambo ukafungwa kwa lakiri. Ndipo tulipojua kwamba leseni si kitanda. Imefungwa kwenye mahali, kwenye urefu wa mnara na kwenye nguvu za mtambo; ukisogeza kimoja, unaomba upya.

CHANGAMOTO

Ukimya ule ulituuma. Mwenzetu mmoja, fundi cherehani, alipata habari za msiba wa kaka yake watu wakiwa wameshatoka makaburini. Tangazo lilipelekwa redioni, likakuta mlango umefungwa. Hilo hatulifanyii mzaha.

Tena yakaja maneno kwamba redio ihamie mji mkubwa, kwenye matangazo ya biashara. Wenye fedha walikuwa wameshamshika meneja mkono. Hapo kanuni ileile iliyotuchapa ikatukinga: masafa yalitolewa kwa ajili ya wakazi wa hapa, na mnara popote utakaposimama, lazima usikike hapa. Kumbe fimbo inayomchapa mtoto ndiyo inayomfukuza nyoka.

MAFANIKIO

Tuliomba upya. Ramani, vipimo, barua ya watu wa ndege kuhusu urefu, rangi nyekundu na nyeupe, taa kileleni. Tangazo la kukaribisha pingamizi likabandikwa sokoni. Lilikuja pingamizi moja tu, la mume wa mwenzetu, aliyedai kwamba tangu redio inyamaze, mkewe anamsikiliza yeye. Mamlaka ililitupa. Mkewe akaongeza, "Mzee wangu, nani kakwambia nilikuwa nakusikiliza?"

Mkaguzi akarudi na vyombo vyake vya kupimia mawimbi, akaingia hadi majikoni mwetu, na kibali kikatoka. Mgeni rasmi, siku hiyo tulipumua kama mtu aliyetua gunia.

OMBI

Tunalo moja. Kibali hiki ni cha muda. Tunaomba kiwe cha kudumu, na kiandikwe wazi kuwa redio hii ni ya watu wa hapa, hata meneja akishikwa tena mkono.

Basi nafunga. Majaribio ya kurusha matangazo yalikwisha juzi, na kwa masharti yenu mtambo umezimwa, usitoe hata mkwaruzo, hadi wewe uuwashe leo. Safari hii tumetii mpaka tunajiogopa.

Leo asubuhi uliposhuka kwenye gari ulitushika mikono ukasema, "Mama zangu, nimewasikiliza njia nzima. Taarifa yenu ya habari ya leo imenikosha!" Meneja akaitikia, "Asante, mheshimiwa," huku anatazama viatu vyake. Sasa tunakuomba ubonyeze swichi, ili taarifa hiyo nasi tuisikie.

Mungu akujalie safari njema, afya, na masikio hayohayo.

Ni sisi,
Umoja wa Wasikilizaji Wasiozima Redio