Mwalimu Sadala Mhina na Nyumba ya Bati ya Kwemvumo

Tarehe 30 Juni 1984 Mwalimu Sadala Mhina atafuta ubao wa chuo chetu kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na miwili ya utumishi, kumi katika shule za msingi na kumi na miwili hapa Korogwe, akifundisha sayansi na kuzungukia vikundi vya kusikiliza redio vijijini. Mimi ninayeandika ni mwalimu wa useremala, Mnyamwezi niliyezaliwa kwenye kambi za wakata mkonge Ngombezi. Yeye ni Mzigua wa Mashewa. Kwa hiyo sisi ni watani, na walionikabidhi kalamu walijua wanachokitafuta.

Alianza kazi mwaka 1962, Uhuru ukiwa bado mbichi, katika shule yenye madarasa mawili na choo kimoja kilichoanguka kila masika. Alihamia chuoni mwaka 1972 akiwa na baiskeli, birika, redio ya mbao na mkewe, Bi. Hamisa, ambaye hadi leo anasema vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyopewa nafasi nzuri kwenye lori. Yeye alikaa juu ya magunia.

Somo lake alilolipenda kupita yote ni mawimbi ya sumakuumeme. Jina hilo peke yake lingetosha kuwakimbiza wanafunzi, lakini Mwalimu alilianzia jikoni. Ukikaa karibu na makaa, alisema, joto linakufika usoni hata upepo ukiwa unavuma kwenda kwa jirani. Limekuja kwa mawimbi usiyoyaona. Mwanafunzi wetu Koisaba, mtoto wa wafugaji, aliongeza kwamba chuma cha kupigia chapa ng'ombe kinaunguza kabla hakijawa chekundu. Mwalimu alifurahi siku nzima. Chuma kikizidi moto, alieleza, mawimbi yanayotoka humo yanazidi kuwa mafupi, mpaka mengine yanafikia ufupi ambao jicho linaweza kuyaona, nasi tunasema chuma kimekuwa chekundu.

Mawimbi ya mto Pangani pale Hale yanahitaji maji. Haya hayahitaji chochote, ndiyo maana yanatufikia kutoka kwenye jua kupitia mahali ambapo hata hewa hamna. Yote ni ukoo mmoja na mahali patupu yote huenda mwendo mmoja, kama kilomita laki tatu kwa sekunde, mwendo ambao, kwa maneno yake, hakuna mpagazi wa Kinyamwezi aliyewahi kuukaribia. Yanatofautiana kwa urefu. Ya redio ni marefu, mengine mamia ya mita kutoka kilele hadi kilele. Yanafuata mafupi zaidi, yale ya rada, kisha ya joto. Halafu unakuja mwanga, kuanzia wekundu hadi urujuani. Mbele ya urujuani kuna mionzi ya jua isiyoonekana, ile inayopausha katani ikianikwa na kuwababua wageni ngozi. Eksirei ni fupi kuliko hiyo, na mionzi ya gama ni fupi kuliko yote.

Hakuyaacha darasani. Alipoanguka na baiskeli akavunjika mkono, alikuta kwenye foleni ya hospitali mama mmoja wa Kimasai, Naipanoi, aliyekataa katakata kumwingiza mwanawe kwenye chumba cha picha za eksirei. Alikuwa amesikia kwamba mashine ile inachungulia roho. Mwalimu, mkono ukiwa umening'inizwa na kitambaa, alimweleza kuwa mionzi ile ni ndugu wa mwanga, inapita kwenye nyama kirahisi na kwenye mfupa kwa shida, na kwamba roho haimo katika vitu vinavyoonekana humo. Akaingia yeye kwanza. Alipotoka alimwonyesha picha ya mfupa wake kwenye dirisha, na mama akampeleka mtoto. Muuguzi alilalamika kwamba foleni nzima ilitaka kuiona picha ya Mwalimu.

Lakini mwenyewe ameniomba niandike habari ya Kwemvumo, na ameomba nisiipambe. Ni kijiji cha ujamaa upande wa Handeni. Mwaka 1974 kikundi chao cha kusikiliza redio kilisifiwa wilaya nzima. Redio ilikaa katika kibanda cha makuti, ikatunzwa na Bi. Mwantumu, aliyekuwa amejifunza kusoma ukubwani na akachaguliwa kwa sababu hakuna aliyemshinda kwa uangalifu. Wanakijiji waliona si haki mgeni anayewaletea elimu alale kibandani. Mgeni hupewa nyumba bora. Wakajenga ya bati tupu, paa na kuta, nyumba pekee ya bati pale kijijini, wakaihamishia redio humo kwa ngoma, na wakaweka sharti kwamba haitatoka tena nje isije ikaharibika. Ufunguo wakampa Mwantumu.

Tangu siku hiyo redio ikawa bubu. Ilikoroma kidogo, basi.

Mwalimu aliitwa. Aliitoa nje apate mwanga wa kuifungulia, akakuta kutu ya kijani kwenye vyuma vya betri. Akaisafisha, akatia betri mpya, akaiwasha palepale uani, ikaimba. Watu wakapiga makofi. Akawaambia, kwa uhakika wa mtu aliyesoma, kwamba redio iliingia maji kwa kukosa uangalizi, kisha akapanda baiskeli. Hakumtaja mtu. Hakuhitaji kumtaja, maana mwenye ufunguo alikuwa mmoja.

Jioni hiyo redio ilirudishwa ndani, ikanyamaza tena. Sasa neno la Mwalimu likawa ushahidi. Walisema Mwantumu ameilowesha mara ya pili, tena kwa kusudi, na wengine wakaanza kunong'ona mambo mabaya kuliko maji. Alinyang'anywa ufunguo mbele ya mkutano. Mumewe aliitwa na wazee kuulizwa mkewe ana nini. Mwantumu akaacha kuja kikundini, akawa anateka maji saa ambazo kisimani hamna watu. Mama aliyeanza kusoma magazeti akarudi kuinamisha kichwa. Mimi nikikumbuka hilo bado linanichoma, ingawa si mimi niliyelitoa neno lile.

Habari hizo zilifika Korogwe, na Mwalimu akaguna tu kwamba watu wa vijijini hawajui kutunza vifaa. Siku chache baadaye alikuwa darasani kwenye somo lake lile lile. Mimi nilikuwa nyuma nikitengeneza dawati. Alisema kila wimbi lina kinacholipitisha na kinacholizuia. Mwanga unapita kwenye kioo, haupiti kwenye ubao. Eksirei inapita kwenye nyama, inakwama mfupani. Mawimbi ya redio yanapita kwenye makuti na udongo, lakini yakikutana na chuma hurudishwa, na ukikizungushia chombo chuma pande zote...

Chaki ilibaki hewani. Akaiweka mezani, akachukua kofia, akatoka bila kuaga. Wanafunzi walingoja mpaka kengele. Mimi nilimkuta stendi akiomba lifti ya lori la mahindi la kwenda Handeni, na nilipomuuliza kulikoni, alisema amemfunga mtu asiye na kosa.

Kwemvumo aliomba kijiji kizima kikusanyike. Akaiwasha redio uani, ikasema. Akavuka nayo kizingiti cha nyumba ya bati, ikafifia, ikanyamaza. Akatoka, ikasema. Alikwenda na kurudi hivyo mpaka watoto wakawa wanamtangulia kutangaza itakachofanya. Kisha akazungumza Kizigua, ili asiwepo mzee wa kusema hakuelewa. Alisema redio haikulowa. Ile kutu ni ya betri kuukuu zinazovuja. Kosa la kwanza lilikuwa la nyumba, ambayo ilijengwa kwa heshima na hakuna wa kulaumiwa. Kosa la pili lilikuwa lake yeye, aliyejua na hakufikiri. Akamwomba Mwantumu radhi kwa jina lake na jina la baba yake.

Mwenyekiti, Mzee Kibwana, alisema, “Mwalimu, kumbe sisi tumemfungia mgeni mlango, kisha tunamlaumu hajatusalimia.” Watu wakacheka, ila Mwantumu hakucheka. Alisema radhi ameipokea, lakini ufunguo ulichukuliwa mbele ya watu na atakayeurudisha aurudishe mbele ya watu hao hao. Mwalimu akaupokea kwa mwenyekiti, akampa kwa mikono miwili. Baadaye walisimamisha mti nje, wakavuta waya kutoka juu yake hadi ndani kwenye redio, na nyumba ya bati ikaanza kusema.

Tangu mwaka ule Mwalimu hajawahi kutoa hukumu ya chombo chochote kabla hajakiona mahali kinapokaa. Vijana aliowafundisha, wengine wakiwa mafundi mitambo na wahudumu wa eksirei, wanaifuata desturi hiyo, ingawa si wote wanaojua ilianzia wapi. Sasa wanajua. Anarudi Mashewa kwenye machungwa yake na kwa Bi. Hamisa, ambaye safari hii ameshatangaza kuwa atakaa mbele na dereva, birika likae juu ya magunia.

Sherehe ya kumuaga ilipangwa ifanyike katika ukumbi wetu mpya, ambao tumeuezeka kwa bati na tunajivunia. Mwalimu ameomba ifanyike nje. Nilimwambia kuta zake ni za matofali na madirisha ni makubwa, redio itasikika kidogo. Akanijibu kwamba siku hiyo hataki kidogo. Bi. Mwantumu, ambaye leo ni katibu wa elimu wa Kwemvumo, anakuja na redio ile ile, na yeye ndiye atakayeiwasha mbele yetu sote.

Mwalimu Sadala, chuo kinakushukuru, na mtani wako anakushukuru ingawa hatasema tena. Tunakuombea uzee wenye afya, mvua za kutosha na jirani wa kubishana naye. Wageni wengine wote mnaombwa mje na kofia. Jua la Korogwe ni kali, na tumekubaliana kukaa nje.

Fransisko Kapela
Mwalimu wa Useremala