Mkaguzi wa Pili Kamkataa Tihomir

Benchi letu liko nyuma ya kitivo, hapa mjini Niš, kati ya mlango wa jikoni na mapipa ya taka. Ukitaka kujua utafiti wa wavuti unavyokwenda, usihangaike na maktaba, njoo hapa saa nne asubuhi. Mwenye birika la shaba la kahawa na jiko dogo la gesi ni Vukosava, tunamwita Marejeo, maana ukimwambia mvua inanyesha atakuuliza nani kasema na ukurasa wa ngapi. Beji ni Ljubiša. Ametundika beji za makongamano kumi na tisa kwenye kioo cha gari mpaka nyuma haoni. Mimi ni Wa Tatu, kwa sababu kwenye makala za watu jina langu huwa la tatu, na hilo tuliache. Jumanne hiyo Tihomir, yaani Kiungo, alikuja na karatasi mkononi, uso wa mtu aliyetoka kuzika. Kongamano la wavuti na maandishi yenye viungo lilikuwa limejibu kuhusu makala aliyoipeleka, iliyosomwa na wakaguzi watatu. Tarehe thelathini Juni baraza la kitivo linakaa kuamua kama anabaki na kazi yake, na miaka mitano hii hajachapisha hata ukurasa. Makala ile ndiyo ilikuwa tegemeo lake la mwisho.

Beji: Wamekutosa?

Kiungo: Wamenitosa.

Beji: Mkaguzi wa ngapi?

Kiungo: Wa pili.

Marejeo: Si nilisema! Siku zote ni wa pili. Wa kwanza hasomi, wa tatu anasifia kwa kuwa hajaelewa, wa pili ndiye mchawi.

Beji: Mimi huyo namjua. Ni yule mwenye ndevu tuliyekula naye kongamanoni Porto. Kiungo ulimkosoa mbele za watu, jamaa akaweka moyoni. Mwenye nguvu mpishe, kaka.

Marejeo: Ampishe apite wapi? Ukaguzi ni wa siri. Jina la Kiungo halimo, chuo hakimo. Angemjuaje?

Beji: Kwa harufu. Watu wa Niš sentensi zetu ndefu.

Mimi: Acheni ushamba. Huyo si mtu. Siku hizi makala inatumbukizwa kwenye mashine, mashine inatema hukumu, mkaguzi mwenyewe yuko ufukweni anakula samaki.

Marejeo: Chanzo?

Mimi: Chanzo ni maisha yangu.

Beji: Ah, nyinyi bado watoto. Mkaguzi wa pili hayupo! Hajawahi kuwepo! Wenyeviti walimzua ili kupunguza watu, maana ukumbi una viti mia mbili tu. Haba na haba hujaza kibaba.

Marejeo: Hiyo methali na viti wapi na wapi?

Beji: Kibaba si ndio ukumbi?

Siku nyingine Kiungo angecheka. Siku hiyo alikikataa hata kikombe alichopewa, akakiweka chini karibu na kiatu chake.

— Nyamazeni niwasomee, alisema.

Akasoma: "Mwandishi anaonekana ni mgeni katika fani hii. Tatizo la viungo vinavyokufa, pale msomaji anapobonyeza asifike popote, lilishashughulikiwa kwa ustadi mkubwa na Radenković na wenzake mwaka 2009. Mwandishi hata hakuitaja kazi hiyo. Namshauri aisome kwa makini kabla ya kuandika tena."

Beji akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na mimi, Mungu anisamehe, nikamfuata. Kwa sababu Radenković ni yeye. Tihomir Radenković! Na hao "wenzake" ni sisi: Vukosava wa pili, mimi wa tatu, Ljubiša wa mwisho kwa kuwa kompyuta ilikuwa yake.

Kiungo: Chekeni. Kanuni inasema mwandishi ajifiche. Nikajifuta kila mahali kama mwizi anayefuta alama za vidole. Sasa wananipiga na fimbo yangu mwenyewe.

Marejeo: Lakini hukutakiwa kuifuta ile ya 2009, mwenzangu. Ulitakiwa uitaje kama ya mtu baki: "Radenković anasema hivi, Radenković anasema vile."

Kiungo: Nijisifie kama simjui?

Marejeo: Ndivyo kanuni ilivyo. Ukurasa wa pili, aya ya nne.

Kiungo: Tangu lini?

Marejeo: Miaka kumi sasa.

Beji: Waandikie! Waambie Radenković ndiye mimi!

Marejeo: Akijitaja anafutwa siku hiyo hiyo.

Beji: Basi huyo mkaguzi anakupenda, bwana wee! Kakukataa kwa heshima yako. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mimi: Apone vipi, na kazi inaondoka?

Beji: Ngoja. Nimepata. Si kila mwaka tunagawiwa makala tatu tatu za kukagua? Kiungo, wamekupa yako. Haina jina, hukuitambua, ukaikataa mwenyewe. Mkaguzi wa pili ni wewe!

Kiungo alisimama ghafla, kikombe kikapinduka.

— Nina miaka hamsini na sita, Ljubiša! Nikitolewa hapa niende wapi? Nikachome pilipili sokoni? Nani atanichukua?

Beji akajifanya anafunga kamba za viatu.

Hapo ndipo akatokea Desanka, mkutubi mpya aliyeanza kazi mwezi Machi, amekumbatia maboksi matupu anayapeleka kwenye mapipa. Alisimama. Alikuwa ametusikia tangu mlango wa jikoni.

— Samahani, Profesa. Ile ya 2009 ndiyo yenu? Wanafunzi wanaiulizia sana. Wiki iliyopita nimeisoma mwenyewe. Nzuri jamani, hata mimi nisiye wa fani nimeelewa.

Kiungo akanyooka kidogo. Marejeo akamsogezea Desanka nafasi.

— Na hii mpya, akauliza Desanka, kwa upole kabisa, maboksi bado mikononi, ina nini ambacho ile haikuwa nacho?

Kiungo akamtazama Marejeo, mwanamke ambaye hakosi chanzo, na Marejeo akainamia birika. Akamtazama Beji. Halafu akanitazama mimi.

Makala hiyo nilikuwa nimeisoma mwezi Februari. Alinipa niipitie, nikarekebisha mikato, nikamwambia, "Safi sana, peleka." Nilijua ni ile ile ya 2009, haina jipya. Marejeo naye alipewa, Beji naye alipewa, na wote tulimwambia apeleke. Rafiki gani sisi?

Desanka akadhani hakusikika, akataka kurudia, kisha akaona nyuso zetu, akaenda zake kwenye mapipa.

Kiungo aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. Akainama akaokota kikombe chake, akakipangusa kwa kidole, akakinyoosha kwa Marejeo.

Marejeo akainamisha birika. Yakadondoka machicha ya kahawa.

— Imeisha, Tihomir.

— Tia tu, alisema.