Mbegu za Shamba la Bondeni

Aliyemwambia kwanza ni wifi yake. Alimkuta uani anafua nepi, akachuchumaa kando ya beseni na kusema kwa sauti ya chini, "Kimya, acha hizo. Mama anatuita wote, na amesema usipokuwepo wewe hasemi neno."

Kimya ndilo jina alilopewa pale tangu aolewe, kwa kuwa wiki yake ya kwanza hawakumsikia akisema chochote zaidi ya shikamoo na ahsante. Alikausha mikono kwenye gauni, akamweka mwanawe mgongoni, akaingia ndani.

Chumba cha mama mkwe kilinuka dawa ya kuchua na udongo mbichi. Chini ya dirisha zilipangwa trei sita za miche ya biringanya, alizozileta shemeji mkubwa jana yake kutoka duka la mbegu, pamoja na mpira mpya mrefu wa pampu. Miche ilikuwa minene, ya aina ile inayozaa biringanya kubwa za mviringo, nyeusi, zinazong'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Kesho yake asubuhi ilikuwa ikapandwe bondeni, kisha pampu ivute maji kutoka bondeni hadi shamba la juu, ambalo ndilo lililowalisha wote. Mama mkwe, aliyeuza miche miaka arobaini hadi mtaa mzima ukamwita Bibi Miche, alikuwa amelala amezipa trei hizo mgongo.

"Sikilizeni, wanangu, na msinikatize," alisema. "Pumzi niliyonayo ni ya safari moja tu."

Alianza na vitu. Nyumba ni ya wote, asiuze mtu tofali. Cherehani ni ya binti yake. Kisha akawakumbusha kwa nini shamba lao halipigwi dawa: marehemu baba yao alianguka kati ya matuta akiwa na bomba la sumu mgongoni, wakamwokota povu linamtoka mdomoni, na tangu siku ile yeye mama aliapa kwamba biringanya itakayotoka mikononi mwake mtoto ataweza kuitafuna bila kuoshwa. Ndiyo maana, alisema, kwao mbegu si jambo la kuchagua kwa macho. Anayepiga dawa anaweza kupanda apendacho. Asiyepiga anapanda kile kinachoweza kujitetea chenyewe. Ile nyeusi ya mviringo ni nzito, mvua kubwa ikija inalalia tope na kuoza upande. Ile ndefu nyembamba inaning'inia, upepo unapita chini yake, hiyo waipande juu wala wasiiache. Na mbegu wasichukue kwenye tunda la kwanza kwa pupa. Wangoje tunda likomae hadi ligeuke njano kwenye mti ambao umesimama pale wenzake walipoanguka.

Shemeji mkubwa alivumilia hadi hapo. "Mama, hizi za dukani zimeandikwa kabisa kwamba zinastahimili magonjwa."

"Karatasi imewahi kukaa bondeni kwetu, mwanangu, kwenye joto lile na maji yale?"

Wifi alicheka puani, akajizuia. Mgonjwa hakucheka. Aliomba ainuliwe mto, na sauti yake ilipotoka tena ilikuwa imepungua.

"Bondeni pana mnyauko. Ninyi mnadhani uliisha. Haukuisha, umelala kwenye udongo. Mmea unasinzia saa sita mchana, jioni unaamka, unasema afadhali, siku ya tatu umekufa ungali kijani. Niliuona mwaka ule kabla ya mtu yeyote, nikanyamaza, kwa sababu udongo wa kitalu changu nilikuwa nimeuchota huko huko. Akaja mtu mmoja, fundi wa kuezeka, ameacha paa anataka kulima. Akataka miche mia nne. Nilijua, wanangu. Nilimfungia kwa magazeti, nikamwongezea kumi ya ahsante. Mwezi mmoja shamba lake lote lilikuwa chini. Mtu huyo ni baba yake huyu."

Wote walimgeukia Kimya. Yeye aliangalia sakafu. Alikuwa na miaka tisa baba yake alipoacha kulima na kwenda kulinda ghala la watu, na hadi leo mzee yule akiulizwa husema kosa lilikuwa lake, hakujua kumwagilia. Mkono wake uliokuwa umeshika mguu wa mtoto ulibana hadi mtoto akalia.

"Nilipokuja kukuposa nilidhani nalipa," mama mkwe alimwambia. "Sikulipa kitu. Nilikuchukua na wewe pia."

Alitoa chini ya mto kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na mbegu za biringanya ndogo, nyeupe zenye michirizi ya kijani, zenye miba kwenye kikonyo, ambazo hakuna mteja aliyewahi kuzisifia. Miti yake ilisimama bondeni misimu mitatu mikubwa ya mvua bila kusinzia. Alimpa Kimya.

"Huyu ndiye atasema kinachopandwa. Bondeni pasiingie kitu kingine. Jembe la bondeni lisipande juu. Na maji... ile pampu, mwanangu, usiiwashe. Maji yale yakifika juu, mmekwisha. Mungu awape... mikono yenye... Nani kafunga dirisha?"

Dirisha lilikuwa wazi. Aliwatakia heri kwa midomo tu, mmoja mmoja, na baada ya hapo akabaki kupumua.

Nje, shemeji mkubwa alisema ni homa iliyokuwa ikiongea, na kwamba yeye hawezi kupangiwa shamba na mtu ambaye hata wateja wanamshinda kuwasalimia. Mume wa Kimya alijikuna shingo. Kimya alikaa kizingitini, akampakata mtoto. Alifikiri kwamba angeweza kuendelea kunyamaza tu, wala asingekuwa amefanya kosa lolote. Wangepanda, wangewasha, na mnyauko ungepanda mlima wenyewe na kulipiza kwa ajili ya baba yake. Alifikiri hivyo muda mrefu, mtoto akinyonya.

Asubuhi shemeji alitangulia bondeni na trei zake, akapiga kelele kwamba pampu iwashwe. Mume wa Kimya akaivuta kamba, na mpira ukaanza kujaa na kutetemeka kupanda kilima. Kimya alikuwa amesimama mwisho wake, kwenye ukingo wa shamba la juu, mtoto mgongoni. Alinyanyua panga akaukata. Akashuka hatua tano akaukata tena, kisha tena, vipande ambavyo hakuna fundi angeviunga. Maji ya bondeni yalimwagika njiani yakateremka kurudi yalikotoka, naye akaruka pembeni, yasimguse miguu.